Floribert Bwana Chui: kijana wa OCC aliyekataa kuandika kwamba mchele mbovu ni mzuri

Mtu yeyote anayeishi hapa Kasindi anajua thamani ya karatasi. Kamiyo inaweza kutoka Mombasa, ipite Nairobi na Kampala, ifike Mpondwe, ivuke Lubiriha salama, halafu ikwame siku tatu nzima juu ya karatasi moja yenye haina kashe. Na kinyume chake tunakijua vilevile: karatasi iko na kashe zote, sahihi zote, lakini maneno yaliyoandikwa juu yake si ya kweli. Inasema magunia mia mbili kumbe ni mia tatu. Inasema kitu ni kizima kumbe kimeoza.

Ndiyo sababu tumeona vizuri leo kuwaelezea, wasikilizaji na wasomaji wetu, maisha ya Floribert Bwana Chui bin Kositi, mtoto wa Goma. Jina lake wengi mlilisikia mwezi wa sita mwaka 2025, wakati redio zilikuwa zinazungumzia sherehe ya Roma. Watu wanajua kwamba alikataa rushwa na akauawa. Lakini ukiuliza kazi yake ilikuwa nini hasa, na ni kitu gani alikataa kufanya, hapo wengi wanakwama.

Floribert alizaliwa Goma tarehe 13 mwezi wa 6 mwaka 1981. Jina Bwana Chui linaweza kukufanya ufikirie mtu mkali, mtu wa vita. Hapana. Alikuwa kijana wa masomo na wa parokia. Ila alikulia katika mji wenye haukumpa mtoto nafasi ya kukua kwa utulivu. Alikuwa ametimiza tu miaka 13 wakati wakimbizi wa Rwanda, karibu milioni moja, waliingia Goma na pembeni yake mwezi wa 7 mwaka 1994, na kipindupindu kikaua watu kwa maelfu. Miaka miwili baadaye vita ya 1996 ikaanza. Ikafuata ile ya 1998. Na tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, volkano Nyiragongo ikashusha moto mpaka katikati ya mji.

Katika mji kama huo, kijana anajifunza haraka kwamba anayepona ni mwenye ujanja. Hili si la Goma peke yake. Sisi wote wa Kivu Kaskazini tumekua tukisikia kwamba mtu mkweli anabaki maskini, na kwamba hasemi uongo yule ambaye hajapata nafasi ya kuusema. Kule Kinshasa rushwa wanaiita maharagi ya watoto, kana kwamba ni kazi ya huruma. Huku kwetu tunasema matabishi. Majina matamu kwa kitu kichungu.

Floribert aliingia chuo kikuu akasoma sheria. Wakati huo, kunako mwaka 2001, ndipo alikutana na jumuiya ya Sant'Egidio. Ni jumuiya ya Wakatoliki walei iliyoanza Roma mwaka 1968 na wanafunzi wa sekondari, mmoja wao akiitwa Andrea Riccardi. Wanasali pamoja na wanafanya urafiki na maskini. Ni hao waliosaidia watu wa Msumbiji wakae meza moja, mpaka amani ikatiwa sahihi Roma mwezi wa 10 mwaka 1992. Goma jumuiya hiyo ilikuwa ndogo, ya wanafunzi kwa sehemu kubwa, na kazi yao ilikuwa kwa wale watoto wa barabarani ambao Goma wanaitwa maibobo.

Mwenye amefika Goma anawajua maibobo. Wanalala kando ya maduka, wanabeba mizigo sokoni, wanavuta gundi ili njaa isahaulike. Watu wengi wanawafukuza kwa sababu wanawaona kama wezi. Floribert na wenzake walikuwa wanakaa nao, wanawafundisha kusoma, wanawatafutia namna ya kurudi masomoni. Naomba msomaji akumbuke watoto hawa, tutawarudilia. Mtoto anayekula chochote anachopata ndiye wa kwanza kula chakula kibovu kikiingia sokoni kwa bei ya chini.

Baada ya masomo alipata kazi OCC, yaani ofisi ya serikali ya kupima na kukagua bidhaa. Ofisi hii ilianza mwaka 1974, wakati huo ikiitwa OZAC. Hapa Kasindi tunawaona kila siku pembeni ya watu wa duane, wa DGM na wa usafi. Watu wanachanganya kazi zao. Duane inaangalia ushuru. OCC inaangalia kitu chenyewe: ubora wake, uzito wake, kama kinalingana na kile kilichoandikwa. Kitu kikiwa kimeharibika, OCC ndiyo inasema hakifai, na kitu hicho kinapaswa kuteketezwa.

Floribert alipita kwanza Kinshasa, halafu akarudi Goma mwaka 2007 akiwa na mzigo huo mikononi: yeye ndiye alisimamia mambo ya bidhaa zilizoharibika. Alikuwa na miaka 25, akikaribia 26. Kwa mji wenye vijana wengi wenye diploma na bila kazi, hiyo ilikuwa bahati kubwa. Na kila mtu anajua kiti kama hicho kinaweza kumjengea mtu nyumba kwa mwaka mmoja.

Haikuchukua muda, jambo likafika. Ulikuwa mchele, ulikuwa umetoka upande wa Rwanda na ulikuwa umeharibika. Wenye mali walitaka uingie. Kulikuwa na njia rahisi: Floribert aandike kwamba ni mzuri, achukue pesa, kila mtu arudi nyumbani. Walimtolea zaidi ya dola elfu moja. Alipokataa wakapandisha. Alipokataa tena simu zikaanza kuingia, na si za wafanyabiashara tu, hata za watu wenye madaraka.

Hapa naomba tusimame kidogo, kwa sababu naona tunapita haraka sana. Tunasema alikataa pesa. Ni kweli, lakini pesa ilikuwa bei tu. Kitu chenyewe kilichokuwa kinanunuliwa kilikuwa neno lake. Hakuna aliyemwomba aibe, wala aue mtu kwa mkono wake. Walimwomba aandike sentensi moja ya uongo na kuweka kashe. Na uongo wa namna hiyo, sisi Wakristo wa mpaka tumeutoa katika hesabu ya dhambi. Mtu hawezi kusema uongo mbele ya mchungaji wake siku ya Mungu, lakini siku ya kwanza asubuhi anajaza karatasi ya uongo bila moyo kumpiga. Tumejiambia karatasi ni kazi, na kazi ina sheria zake. Nimeona mimi mwenyewe mtu akitoa sala ndefu kabla ya kufungua biro yake, na saa moja baadaye anaulizia kile alichobeba dereva mfukoni. Sina haja ya kumtaja, kila mmoja wetu ana wa kwake wa kumfikiria.

Amri ya nane kwa hesabu ya Wakatoliki, ya tisa kwa Waprotestanti wengi, inakataza kumshuhudia jirani uongo. Sahihi ya mkaguzi ni ushuhuda kabisa. Mama anayenunua kilo mbili za mchele sokoni hana namna ya kupima. Anaamini kwamba kuna mtu mpakani aliyeangalia kwa niaba yake. Huyo mtu akidanganya, amemdanganya mama yule pamoja na watoto wake wote, na hata hawajui kwamba wamedanganywa.

Floribert hakutaka kukisia. Alikuwa na rafiki, sista mmoja ambaye ni daktari, akamuuliza kama chakula kile kinaweza kweli kudhuru watu. Jibu lilikuwa ndiyo. Na siyo ajabu. Nafaka ikilowa maji njiani na ikafungwa bila kukauka, inaota ukungu, na ukungu wa aina fulani unatoa sumu inayoitwa aflatoksini. Sumu hii haionekani, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2004 kule Kenya, upande wa Makueni na Kitui, mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125. Na mwenye hafi haraka, ini lake linaweza kuharibika polepole, mpaka miaka ipite na asijue ugonjwa ulitoka wapi. Njo maana biashara ya chakula kibovu ni nzuri kwa mwenye kuifanya: hakuna anayerudi kulalamika.

Kwa sista huyo alieleza pia mawazo yake. Pesa ile, alisema, ingeisha kwa siku chache, lakini watu wangekula na wengine wangekufa. Na akajiuliza kama yeye anaishi kweli ndani ya Kristo au hapana. Akaona kwamba akijibu ndiyo, hawezi kupokea. Ni hesabu fupi. Haikuhitaji mahubiri marefu. Nafikiri ndiyo maana inauma kuisikia, juu haituachii mahali pa kujificha na maneno yetu ya hali ni ngumu, mshahara ni mdogo, kila mtu anafanya vile.

Maana hali ilikuwa ngumu kwake pia. Hakuwa na askari wa kumlinda wala jina kubwa nyuma yake. Na alijua alikuwa anagusa mifuko ya nani.

Siku ya posho, tarehe 7 mwezi wa 7 mwaka 2007, watu walimchukua mjini Goma. Siku mbili hakuonekana. Siku ya kwanza, tarehe 9, motari mmoja ndiye aliona mwili. Ulikuwa na alama za mateso, yalikuwa wazi kwamba alipigwa sana kabla ya kufa. Alikuwa amefikisha miaka 26 mwezi mmoja tu mbele. Hakuna aliyehukumiwa kwa kifo chake. Katika hilo anafanana na maelfu ya watu wetu wa Beni, Butembo na Goma.

Wenzake wa Sant'Egidio hawakukubali habari yake izimike. Walieleza kila mahali walipokwenda, mpaka Kanisa likaanza kuchunguza. Hapo likatokea swali ambalo hata mimi nilijiuliza: huyu anaitwaje martiri? Hakuna aliyemwambia amkane Yesu. Waliomuua pengine walibatizwa kama yeye. Wakatoliki wanamwita martiri mtu aliyeuawa kwa chuki ya imani, sawa Anuarite wetu aliyeuawa Isiro mwaka 1964. Mchele na imani vinakutana wapi?

Jibu la Kanisa lilikuwa kwamba imani ya Floribert ndiyo ilimfanya akatae, kwa hiyo kilichowakasirisha wauaji ni imani hiyo ikiwa kazini. Njia hiyo ilikwisha kufunguliwa na Askofu Óscar Romero wa El Salvador, na padri Pino Puglisi, aliyeuawa na mafia kule Palermo mwaka 1993. Na Kiswahili chetu, kwa bahati nzuri, kinatusaidia hapa kuliko lugha nyingine: shahidi ni yule anayesema alichokiona, na shahidi ni yule anayekufa kwa ajili ya imani. Floribert alikataa kuwa shahidi wa uongo juu ya magunia ya mchele.

Tarehe 2 mwezi wa 2 mwaka 2023, Papa Fransisko alikuwa Kinshasa, mbele ya vijana waliojaza Stade des Martyrs. Aliwapa Floribert kama mfano, akaeleza kwamba angeweza kufumba macho, hakuna angejua, na angepata faida. Mwezi wa 11 mwaka 2024 Papa huyo akakubali rasmi kwamba Floribert alikufa martiri. Hakuiona sherehe, alifariki mwezi wa 4 mwaka 2025.

Sherehe hiyo watu wa Goma walitamani ifanyike kwao. Ingekuwa haki. Lakini mwisho wa mwezi wa kwanza 2025 M23 waliingia Goma, na mji ukawa haufikiki. Basi Goma ikamwona mtoto wake akitangazwa mwenye heri kwa simu na redio, wakati ibada ilikuwa Roma, ndani ya basilika ya Mtakatifu Paulo nje ya kuta, siku ya Mungu tarehe 15 mwezi wa 6 mwaka 2025, ikiongozwa na Kardinali Marcello Semeraro. Sikukuu yake ikawekwa tarehe 8 mwezi wa 7.

Kesho yake Papa Leo XIV aliwapokea wale waliosafiri kwa ajili yake, na mama yake mzazi alikuwa kati yao. Siku tatu kabla, tarehe 13, mtoto wake angekuwa ametimiza miaka 44.