Margaret Dayhoff, mwanamke aliyezifungulia protini daftari

Mtafiti anayetaka habari za insulini ya binadamu leo huandika P01308 katika programu ya kutafutia, na papo hapo hupata muundo wake, kazi yake mwilini na maradhi yanayohusiana nayo. Jina la protini huweza kutofautiana kati ya maabara moja na nyingine, jambo ambalo sisi wafasiri wa habari tunalielewa vyema, lakini namba hiyo ni ileile popote duniani. Hata kumbukumbu mbili zikiunganishwa, namba ya zamani bado humfikisha mtafutaji panapostahili.

Mizizi ya utaratibu huo imo katika kazi ya mwanamke wa Marekani aliyefariki dunia zaidi ya miaka 40 iliyopita.

Margaret Oakley Dayhoff alizaliwa mjini Philadelphia tarehe 11 Machi 1925. Alihitimu hisabati katika Chuo Kikuu cha New York mwaka 1945, na miaka mitatu baadaye akatunukiwa shahada ya uzamivu katika kemia na Chuo Kikuu cha Columbia. Huko alizitumia mashine za kadi zilizotobolewa, ambazo wengi walizijua kwa hesabu za biashara, kukokotoa nishati za molekuli. Kisha aliweka utafiti kando kwa miaka kadhaa ili kuwalea mabinti zake wawili.

Alirejea kwa kishindo. Mwaka 1960 alijiunga na taasisi ya utafiti wa tiba iliyoanzishwa na Robert Ledley. Protini ni mnyororo wa asidi amino za aina 20, na wanakemia wa wakati ule waliweza kuusoma kwa kuukata vipande vidogo tu. Kuvipanga upya vipande hivyo kulichukua muda mrefu mno. Dayhoff na Ledley waliandika programu ya kompyuta iliyotafuta sehemu zinazofanana katika ncha za vipande na kuviunganisha.

Mwaka 1965 Dayhoff na wenzake walichapisha atlasi ya protini zote ambazo mfuatano wake ulikuwa umejulikana. Zilikuwa 65 tu. Ili kuokoa nafasi kwenye kadi, aliipa kila asidi amino herufi moja badala ya tatu zilizokuwa zikitumika. Laisini ilipata K, kwa kuwa L ilikwisha chukuliwa na lusini na K ndiyo jirani yake wa karibu katika alfabeti.

Kazi hiyo haikukosa manung'uniko. Dayhoff alitegemea matokeo ya watafiti wengine, huku taasisi yake ikiuza atlasi na kuwazuia wanunuzi kuisambaza upya ili kufidia gharama. Waliotoa matokeo yao bure waliona ugumu kuyalipia yaliporudi kwao. Kwa upande wake, kukagua na kusahihisha kila mstari kulihitaji watu na fedha, na wafadhili hawakuiona kazi ya kuhifadhi kumbukumbu kuwa sayansi kamili. Mwandishi wa makala haya anaona kwamba pande zote mbili zilikuwa na hoja.

Mwaka 1980 Dayhoff aliwezesha hifadhi yake kutafutwa kutoka mbali kwa kompyuta kupitia laini ya simu. Miaka miwili baadaye serikali ya Marekani ilipotoa mkataba wa hifadhi ya taifa ya mifuatano ya DNA, kazi hiyo, ambayo kundi lake liliiomba, ilikwenda kwa wapinzani waliohusiana na maabara ya Los Alamos, walioahidi data iliyo wazi kwa wote.

Tarehe 5 Februari 1983 alifariki kwa mshtuko wa moyo akiwa na umri wa miaka 57, siku chache baada ya kuwasilisha ombi la fedha za kuidumisha hifadhi ya protini. Mwaka uliofuata wenzake walianzisha kituo alichokuwa amekiombea. Mwaka 2002 kituo hicho kiliungana na taasisi za Uswisi na ya Ulaya iliyoko Uingereza kuunda UniProt, yenye mamilioni ya protini na isiyomtoza mtafutaji hata senti. Ukifungua P01308 humo, utaikuta insulini imeandikwa kwa herufi mojamoja zile alizozichagua Dayhoff.