Kazadi Mwamba: mlinda lango wa Lubumbashi aliyebebeshwa mabao tisa

Kila fainali za Kombe la Dunia zinapokaribia, jina la Zaire hutajwa tena, na mara nyingi hutajwa kwa sababu ya kipigo kimoja tu: mabao 9 kwa 0 kutoka kwa Yugoslavia, Juni 18, 1974, mjini Gelsenkirchen, Ujerumani Magharibi. Aliyeanza langoni siku hiyo ni Kazadi Mwamba, mlinda lango wa TP Mazembe ya Lubumbashi. Wengi humhesabia mabao yote tisa. Hata hivyo, yeye alifungwa matatu, akatolewa uwanjani dakika ya 21, na sita yaliyosalia aliyatazama akiwa nje. Tena, kabla ya siku hiyo alikuwa amekwisha kutwaa karibu kila taji ambalo mchezaji wa Afrika aliweza kuliwania.

Kazadi alizaliwa Machi 6, 1947, katika Kongo iliyokuwa bado chini ya Wabelgiji, na jina lake la Kikristo lilikuwa Robert. Alipata sifa akiwa na klabu ya Lubumbashi iliyoitwa wakati huo TP Englebert. Klabu hiyo iliasisiwa mwaka 1939 na watawa wa Kibenediktini, kisha ikachukua jina la kampuni ya matairi ya magari iliyoifadhili. Herufi TP, kifupi cha maneno ya Kifaransa yenye maana ya mwenye nguvu zote, iliongezewa baada ya kumaliza ligi ya mwaka 1966 bila kushindwa.

Mwaka 1967 Englebert ilitwaa Kombe la Klabu Bingwa Afrika. Fainali mbili dhidi ya Asante Kotoko ya Ghana zilimalizika kwa sare, na Kotoko haikufika kwenye mechi ya kuamua mshindi. Mwaka uliofuata hapakuwa na ubishi: Étoile Filante ya Togo ilifungwa 5 kwa 0 katika mechi ya kwanza, na ushindi wake wa 4 kwa 1 katika marudiano haukuisaidia. Englebert ikawa klabu ya kwanza kulitetea taji hilo, na ilipita miaka 36 kabla ya Enyimba ya Nigeria kufanya vivyo hivyo mwaka 2004. Englebert ilifika fainali tena mwaka 1969 na 1970, ingawa zote mbili ilishindwa.

Lakini mwezi uliomtangaza Kazadi barani kote ulikuwa Januari 1968, katika Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Ethiopia. Katika hatua ya makundi Kongo-Kinshasa ilifungwa na Ghana 2 kwa 1. Ikavuka hata hivyo, ikawatoa wenyeji Ethiopia 3 kwa 2 katika nusu fainali iliyoingia muda wa nyongeza, na Januari 21 ikakutana na Ghana ile ile mjini Addis Ababa. Ghana ilikuwa bingwa wa mwaka 1963 na 1965. Pierre Kalala, mchezaji mwenzake Kazadi katika Englebert, alifunga bao moja katika kipindi cha pili, na Wakongo wakalilinda hadi filimbi ya mwisho. Kazadi, akiwa na umri wa miaka 20, alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa mashindano yote, heshima ambayo walinda lango huipata kwa nadra.

Miaka iliyofuata ilibadilisha majina. Mwaka 1971 nchi ikaitwa Zaire, na siasa ya uhalisi ya Rais Mobutu Sese Seko ikawataka wananchi waache majina ya Kikristo. Robert akabaki Kazadi Mwamba, na Englebert ikawa Mazembe. Desemba 1973 Zaire iliifunga Moroko 3 kwa 0 mjini Kinshasa, ikawa nchi ya kwanza kusini mwa Sahara kufuzu Kombe la Dunia. Mobutu aliwazawadia wachezaji nyumba na magari. Machi 1974, mjini Cairo, Chui wa Zaire wakatwaa ubingwa wa Afrika kwa mara ya pili, wakiwashinda majirani zao wa Zambia 2 kwa 0 katika fainali iliyorudiwa baada ya sare ya 2 kwa 2.

Ndivyo walivyokwenda Ujerumani, wakiwa mabingwa wa bara. Juni 14 walifungwa na Uskoti 2 kwa 0, matokeo ambayo hayakuwa aibu. Mambo yaliharibika nje ya uwanja. Beki Mwepu Ilunga alisimulia miaka mingi baadaye kwamba wachezaji waligundua posho zao hazitalipwa, wakataka kugoma, na wakashawishiwa kuingia uwanjani shingo upande. Yugoslavia ilifunga mabao matatu ndani ya dakika 18. Kocha Blagoje Vidinić, Myugoslavia aliyekuwa yeye mwenyewe mlinda lango katika ujana wake, akamtoa Kazadi na kumwingiza Dimbi Tubilandu, aliyekuwa mfupi wa kimo. Gusa ya kwanza ya Tubilandu ilikuwa kuuokota mpira wavuni. Baadaye kocha alidai kwamba agizo la kubadili kipa lilitoka kwa ofisa wa serikali. Vyovyote ilivyokuwa, mabao sita yaliyofuata yanaonyesha kwamba kasoro haikuwa kwa kipa.

Siku nne baadaye Kazadi alirudishwa langoni kuikabili Brazil, waliokuwa mabingwa watetezi. Kwa maelezo ya Mwepu, wajumbe wa Mobutu walikuwa wamewaonya wachezaji kwamba wakifungwa zaidi ya mabao matatu wasitarajie kurudi nyumbani kwa amani. Brazil nayo ilihitaji matatu hasa ili kuipita Uskoti. La tatu lilipatikana dakika ya 79: shuti la Valdomiro kutoka pembeni lilimponyoka Kazadi na kupita chini ya mwili wake. Lilikuwa kosa la wazi, na liliirudisha nyumbani Uskoti ambayo haikupoteza hata mechi moja. Hata hivyo, lango la Zaire halikuguswa tena.

Waliporejea, mashujaa wa Machi waligeuka watu wa kusahauliwa. Serikali iliyojitafutia sifa kupitia miguu yao iliwapa kisogo. Kazadi alifariki dunia mwaka 1996, mwaka mmoja kabla ya Mobutu kuanguka na jina la Zaire kufutwa.

Mazembe ilisubiri hadi mwaka 2009 kutwaa tena ubingwa wa Afrika, na mwaka uliofuata ikafika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu. Langoni alisimama Robert mwingine, Robert Kidiaba, ambaye vijana wa leo wanamjua kwa namna alivyokuwa akiruka kwa makalio kila bao lilipopatikana. Kwa wazee wa Lubumbashi, Robert wa kwanza ni yule wa Addis Ababa. Kumpima kwa dakika 21 za Gelsenkirchen ni kuufuta ubingwa wa Afrika ambao timu yake ya taifa iliutwaa mara mbili, na klabu yake mara mbili pia.