Charles Kettering: Mhandisi aliyelitoa gari kwenye hendeli

MWAKA 1912 una nafasi ya pekee katika historia ya Tabora. Ndio mwaka ambao Reli ya Kati, iliyokuwa ikijengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam, iliufikia mji huo na kuanza kufunga ukurasa wa misafara ya wapagazi waliotembea kwa miguu kati ya Bagamoyo na Ujiji.

Mbali na Unyanyembe, katika mji wa Detroit nchini Marekani, kiwanda cha Cadillac kilikuwa kikiuza toleo lake la mwaka huohuo wa 1912. Lilikuwa gari lililoweza kuwashwa bila dereva kusimama mbele yake na kuzungusha hendeli kwa mkono.

Mbunifu wa mfumo huo alikuwa Charles Franklin Kettering, mhandisi wa umeme. Dereva anayetoka Tabora leo kwenda Sikonge, Urambo au Kaliua huutumia urithi wake kila anapogeuza ufunguo. Huutambua zaidi siku gari linapogoma katikati ya miombo, giza likiingia na kijiji cha karibu kikiwa mbali.

Kettering alizaliwa Agosti 29, 1876, katika familia ya wakulima karibu na Loudonville, jimbo la Ohio. Wakati huo ilikuwa imepita miaka minne tu tangu David Livingstone aondoke Kwihara, nje kidogo ya Tabora, kwenda kwenye safari yake ya mwisho.

Tangu ujana wake alisumbuliwa na macho. Alifundisha shule kwa muda, kisha akajiunga na Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, lakini maradhi hayo yakamlazimu kukatiza masomo.

Akiwa nje ya chuo alifanya kazi na kikosi cha kujenga laini za simu. Alirejea chuoni baadaye na kuhitimu uhandisi wa umeme mwaka 1904, akiwa na umri wa miaka 27.

Mwaka huo aliajiriwa mjini Dayton na kampuni ya National Cash Register, iliyotengeneza mashine za kuhifadhia fedha madukani. Huko alibuni mota ndogo ya kuendesha mashine hizo. Mota hiyo ilitakiwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache tu, kisha ipumzike.

Mwaka 1909, Kettering na mwenzake Edward Deeds walianzisha kampuni ya Delco, baada ya kufanya majaribio yao katika banda lililokuwa nyumbani kwa Deeds. Kazi yao ya kwanza kubwa ilikuwa mfumo wa kuwasha cheche za injini kwa umeme wa betri. Cadillac, chini ya Henry Leland, iliununua kwa ajili ya magari yake ya mwaka 1910.

Kilichobaki kilikuwa hendeli. Injini ilipopiga kinyume, hendeli ilirudi kwa kishindo na kuvunja mikono ya madereva, na wapo waliopoteza maisha. Wahandisi wengi waliamini kuwa mota ya umeme yenye nguvu ya kuzungusha injini ingekuwa kubwa mno kubebwa na gari.

Kettering alikumbuka mashine za madukani. Stata haikuhitaji kufanya kazi kutwa nzima. Ilihitaji kuzidishiwa mzigo kwa sekunde chache na kuachiwa. Katika mfumo wake wa kwanza, mashine ileile iliyowasha injini iligeuka kuwa jenereta na kuichaji betri gari linapotembea.

Ushindi huo ulikuja na tatizo jipya. Hendeli ilionekana kwa macho, lakini umeme hupita gizani, ndani ya nyaya, fyuzi na vipande vidogo vya shaba. Ndiyo sababu gari lisilowaka huzua ubashiri mwingi, na mwenye gari huweza kununua betri, kisha stata, kumbe ubovu uko kwenye swichi ya ufunguo.

Njia ya umeme ina vituo, kama ilivyokuwa njia ya misafara. Mzigo uliotoka Bagamoyo usipofika Ujiji, swali la busara lilikuwa kama ulionekana Mpwapwa, na kama ulionekana Tabora. Fundi makini huuliza hivyohivyo kuhusu umeme, na jibu hulipata kwa mita au taa ya kupimia.

Kituo cha kwanza ni betri. Iliyojaa na kupumzika husoma takriban volti 12.6. Vichwa vyake pamoja na waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi hukaguliwa pia, kwa kuwa kutu mahali hapo huleta dalili zinazofanana na za swichi mbovu.

Kinachofuata ni taa za dashibodi. Ufunguo ukiwa kwenye ON, taa hizo zikabaki zimezimika ilhali honi na taa kubwa zinafanya kazi, hutazamwa kwanza fyuzi na waya unaoingiza umeme kwenye swichi.

Taa za dashibodi zikiwaka lakini stata ikawa kimya, hupimwa waya mwembamba unaokwenda kwenye solenoidi ya stata, huku mtu mwingine akishikilia ufunguo kwenye START na gia ikiwa huru. Umeme ukifika hapo na stata isizunguke, ubovu uko kwenye stata yenyewe au nyaya zake nene.

Usipofika, fundi hurudi nyuma kituo kwa kituo: relei, swichi ya usalama ya gia au klachi, hadi swichi ya ufunguo. Volti zinazoingia kwenye swichi zinapaswa kutoka karibu zilezile. Zikiingia 12 na kutoka pungufu sana, vipande vya ndani vimelika au kuungua.

Ipo dalili nyingine isiyopaswa kupuuzwa. Injini huwaka ufunguo unapokuwa START, kisha huzimika mara tu unapoachiwa kurudi ON. Mara nyingi hapo kipande cha ON ndani ya swichi ndicho kilichokufa, na kubadilisha stata hakutasaidia kitu.

Baada ya Delco kuingia katika himaya ya General Motors, Kettering aliongoza utafiti wa kampuni hiyo kuanzia mwaka 1920 hadi 1947. Hakuacha sifa tupu. Maabara yake ndiyo iliyogundua mwaka 1921 kuwa risasi ikichanganywa na petroli huzuia injini kugonga, na mwaka 1924 akawa rais wa kwanza wa kampuni ya Ethyl iliyouza mchanganyiko huo.

Wafanyakazi walikufa kwa sumu ya risasi mwaka huohuo, lakini biashara iliendelea. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli hiyo mwanzoni mwa mwaka 2006, na Algeria ikawa ya mwisho duniani kuacha kuiuza kwa magari, mwaka 2021.

Kwa upande mwingine, jina lake limo katika taasisi ya utafiti wa saratani ya Sloan-Kettering ya New York, iliyoanzishwa mwaka 1945. Alifariki dunia mjini Dayton Novemba 25, 1958, akiwa na umri wa miaka 82.

Miaka 56 baadaye, kampuni aliyoitumikia ilitikiswa na kifaa kilekile kilichochukua nafasi ya hendeli. Mwaka 2014 General Motors iliita magari madogo yapatayo milioni 2.6 kwa sababu swichi za ufunguo zililegea. Uzito wa funguo au mtikisiko wa barabara uliweza kuurudisha ufunguo nyuma gari likiwa katika mwendo, injini ikazimika, usukani ukawa mzito na mifuko ya hewa isifunguke ajali ilipotokea.

Mfuko wa fidia wa kampuni hiyo ulikubali madai ya vifo 124. Baadhi ya wahandisi wake walikuwa wamejua kasoro hiyo kwa miaka kadhaa.

Kwa dereva wa Tabora, ambaye akiacha lami hukutana na makorongo na mitikisiko, funzo hilo halihitaji fedha nyingi. Rundo la funguo lipunguzwe kwenye ufunguo wa gari. Swichi inayocheza, inayopata moto au inayozima injini ikiguswa ipimwe na kubadilishwa mjini, kabla ya safari ya porini kuanza.