Mchungaji Friedrich von Bodelschwingh, Rafiki wa Wasio na Makao

Jina la Betheli si geni katika sharika zetu. Wazee wa Usambara na wa Buhaya walilisikia kwa wazazi wao, kwa kuwa wamisioni wengi waliowaletea Injili walitumwa kutoka huko. Lakini si wengi wamjuao vema mtu yule aliyeifanya Betheli kuwa kimbilio la wanyonge. Tena wale wamjuao humkumbuka kwa ajili ya wagonjwa wa kifafa tu. Leo twapenda kusimulia maisha yake, na hasa kazi yake kwa watu wasio na makao, waliotembea njiani bila kazi, bila nyumba, na bila mtu wa kuwaita ndugu.

Friedrich von Bodelschwingh alizaliwa tarehe 6 Machi 1831 huko Tecklenburg, katika nchi ya Westfalen, Ujerumani. Babaye alikuwa mtu mkubwa wa serikali, akawa waziri wa mfalme wa Prusia, hata mtoto akacheza na mwana wa jamaa ya kifalme ambaye baadaye alikuwa Kaisari Friedrich wa Tatu. Mtu aliyelelewa hivi angeweza kutafuta cheo na heshima. Yeye alijifunza kazi ya kilimo, akawa msimamizi wa shamba kubwa huko Pomerania. Huko aliona jinsi vibarua wa mashambani walivyoishi katika umaskini. Siku moja alisoma kijitabu kidogo cha misioni, chenye habari za mtoto maskini wa Kichina, na moyo wake ukageuka. Aliacha usimamizi wa shamba, akaanza kujifunza elimu ya Mungu mwaka 1854 huko Basel, kisha Erlangen na Berlin, akitumaini kuwa mmisioni katika nchi za mbali.

Lakini Bwana alimpeleka kwanza katika mji wa Paris. Mwaka 1858 alifika huko kuwatunza Wajerumani maskini waliokwenda kutafuta riziki. Watu hao walifagia njia za mji usiku na alfajiri, na wengine waliokota matambara katika taka. Walikaa katika vyumba vibaya vya pembeni ya mji, na watoto wao walikua bila shule wala kanisa. Bodelschwingh aliwakusanya watoto, akaanza shule, hata likajengwa kanisa juu ya kilima huko La Villette. Twaamini kwamba ni huko Paris alikojifunza neno moja ambalo hakulisahau tena. Alijifunza kwamba mtu aliyehama kwao hupoteza zaidi ya nyumba yake, kwa maana hupoteza pia majirani wamjuao, na asipopata mtu wa kumjua upya, huanza kujisahau mwenyewe.

Mwaka 1864 alirudi Ujerumani na mkewe Ida, akawa mchungaji wa Dellwig. Hapo lilimpata jaribu zito kuliko yote. Mwezi wa Januari mwaka 1869 watoto wao wanne, ndio wote waliokuwa nao wakati ule, walikufa kwa maradhi ya kifua, mmoja baada ya mwingine, katika muda wa majuma mawili tu. Sisi tuliozika watoto katika sharika zetu twajua kwamba hakuna maneno ya kutosha mbele ya kaburi kama hilo, sembuse makaburi manne. Bwana aliwapa baadaye watoto wengine wanne, lakini jeraha lile halikupona kabisa. Yeye mwenyewe alikiri ya kuwa tangu siku zile alitambua jinsi Mungu awezavyo kuwa mgumu kwa mwanadamu, na kwa ajili hiyo akawa na huruma kwa watu wengine.

Mwaka 1872 aliitwa karibu na mji wa Bielefeld, kuongoza nyumba ndogo ya wagonjwa wa kifafa iliyoanzishwa mwaka 1867, pamoja na nyumba ya masista iliyoitwa Sarepta. Mahali hapo palipewa jina la Betheli, maana yake nyumba ya Mungu. Mwaka 1877 ikaanzishwa pia Nazareti, nyumba ya mashemasi wanaume. Mahali palipokuwa na wagonjwa wachache pakawa mji mzima, wenye karakana, mashamba, shule na kanisa. Kila mgonjwa alipewa kazi kwa kadiri ya nguvu zake, kwa sababu Bodelschwingh aliona ya kuwa mtu asiyetakiwa kwa kazi yo yote huanza kujidhania kuwa mzigo.

Sasa tufike kwenye habari ya watu wa njiani. Mwaka 1873 biashara ya Ulaya ilianguka, viwanda vikafungwa, na watu wengi sana wakakosa kazi. Walitembea mji kwa mji wakitafuta mkate. Sheria ya Ujerumani ya wakati ule ilihesabu kuombaomba na kuzurura kuwa makosa, basi mtu aliyeomba chakula aliweza kutiwa kifungoni, na alipofunguliwa hakuwa na kazi, akaomba tena. Wengine walifika mlangoni pa Betheli. Je, wapewe nini? Wakristo wengi walimpa mwombaji senti moja na kufunga mlango. Senti ile mara nyingi ilikwenda kwenye nyumba ya pombe, na mtu yule akalala shimoni mwa njia. Bodelschwingh aliona ya kuwa sadaka ya namna hiyo humwokoa mtoaji na usumbufu, wala haimwokoi mpokeaji. Lakini hakutaka pia kuwafukuza. Alitafuta njia ya tatu, nayo ilikuwa kazi badala ya sadaka.

Mwaka 1882 alianzisha Wilhelmsdorf, katika nchi ya mchanga iitwayo Senne, si mbali na Betheli. Ardhi yake ilikuwa maskini, na chini ya mchanga palikuwa na tabaka gumu kama jiwe, lisilopitisha mizizi. Watu wa njiani walishika majembe, wakalivunja tabaka lile, hata nyika ikawa shamba. Utaratibu ulikuwa rahisi. Aliyefika alipokewa bila kujali dini yake wala kifungo chake cha zamani. Alioga, akapewa nguo safi, kitanda na chakula. Alifanya kazi kwa ujira mdogo ulioandikwa kwa jina lake, na nguo alizopewa alizilipa kwa ujira huo, ili zisiwe msaada wa aibu bali mali yake. Pombe ilikatazwa. Baada ya majuma au miezi kadha alisaidiwa kupata kazi ya kudumu. Asubuhi na jioni walikusanyika kwa sala. Bodelschwingh hakuwaita wazururaji. Aliwaita ndugu wa barabarani.

Huenda msomaji atauliza kama si ukali kumdai kazi mtu mwenye njaa. Swali hilo ni la haki, nasi hatutalipita. Bodelschwingh hakumdai kazi mgonjwa wala mzee kuliko nguvu zake. Tena alijua ya kuwa si wote waliopona. Wengi waliondoka wakarudi barabarani, kisha wakabisha hodi tena, mara ya pili na ya tatu. Ikiwa tungepima kazi yake kwa hesabu ya waliosimama bila kuanguka tena, labda tungevunjika moyo. Lakini mlango ulifunguliwa tena kwa wale waliorudi, na hapo ndipo tuonapo tofauti ya nyumba ya rehema na nyumba ya adhabu.

Koloni za namna ile ziliigwa upesi katika sehemu nyingi za Ujerumani. Vikaongezwa vituo vya njiani, ambako msafiri maskini alifanya kazi saa chache, akapata chakula na malazi, kisha akaendelea kutafuta kazi pasipo kuomba. Lakini vituo hivyo vilihitaji fedha za wilaya, na wilaya nyingi zilichoka, vituo vikafungwa, na wenye njaa wakarudi kwenye milango ya watu. Bodelschwingh, ambaye hakupenda siasa, alikubali mwaka 1903 kuchaguliwa katika baraza la Prusia, naye alikuwa na umri wa miaka 72. Aliwaendea wakubwa mmoja mmoja, akiwasihi kwa ajili ya watu wasio na kura wala sauti. Mwaka 1907 sheria ya vituo vya kazi kwa wasafiri ikapitishwa. Haikuwa yote aliyoyataka, kwa kuwa iliachia majimbo hiari, wala haikuyalazimisha.

Hata katika uzee wake hakutulia. Katika mji wa Berlin watu wasio na makao walilala kwa mamia katika majumba makubwa ya usiku, wamebanana kama mizigo ghalani. Mwaka 1905 alianzisha Hoffnungstal, yaani bonde la tumaini, nje ya mji ule. Huko kila mwanamume alipewa chumba chake kidogo, chenye kitanda chake na mlango wake. Wako waliodhani kwamba huo ni uharibifu wa fedha. Yeye alijua kwamba mtu hawezi kuomba, kulia, wala kufikiri habari za nafsi yake mahali ambapo hana hata pembe moja ya kuwa peke yake.

Tusisahau pia mambo mawili madogo. Mwaka 1885 alianzisha chama cha akiba, ili wafanya kazi wajenge nyumba zao wenyewe zenye kipande cha bustani, kwa maana aliona ni afadhali kumzuia mtu asipoteze makao kuliko kumwokota akiisha kuyapoteza. Tena alianzisha kazi ya kukusanya vitu vilivyotupwa, kama nguo kuukuu, viatu na vyombo, vikatengenezwa na kutumiwa tena. Jina la kazi hiyo lilitokana na habari ya vipande vya mikate vilivyookotwa ili kisipotee kitu.

Upendo wake ulivuka bahari. Misioni iliyoanzishwa Berlin mwaka 1886 kwa ajili ya Afrika ya Mashariki ilipata kwake moyo na watenda kazi, na mwaka 1906 ikahamia Betheli. Mashemasi na masista waliofunzwa kwake walifika Usambara. Huko Lutindi, mwaka 1896, ilifunguliwa nyumba ya watoto waliokombolewa utumwani, ambayo baadaye ikawa mahali pa kuwatunza wenye maradhi ya akili, na kazi hiyo ingaliko. Mwanawe Gustav alikuwa mmisioni katika nchi yetu, naye ndiye aliyeandika kitabu cha maisha ya babaye. Bodelschwingh alilala katika Bwana tarehe 2 Aprili 1910.

Wapendwa, zamani sisi tulisema ya kuwa kwetu hakuna mtu asiye na makao, kwa kuwa kila mtu ana ukoo. Tukitazama stendi na masoko ya miji yetu leo, twaona watoto walalao juu ya maboksi, na wajane walionyang'anywa shamba la marehemu. Ukoo haukuwashika. Je, ushirika utawashika? Hatuna Wilhelmsdorf, lakini kila ushirika una wazee wake, una shamba la kanisa, una fundi mmoja awezaye kumfundisha kijana kushona au kuranda mbao. Walimu na wainjilisti na waanze kwa kuuliza jina la mtu yule alalaye barazani pa kanisa, na kijiji chake, na kazi aliyoijua. Kisha baraza la wazee na wakae pamoja, waamue ni nani atakayempa kitanda kwa usiku huu, na ni kazi gani atakayopewa asubuhi.