Bwana Richardson na Hesabu Iliyokosea

Bwana Mhariri ameniomba niandike maisha ya mtu mmoja mashuhuri. Wengi walionitangulia waliandika habari za wafalme na majemadari. Mimi nimemchagua mtu aliyekosea hesabu.

Sababu yangu ni hii. Mtoto wa dada yangu anasoma Montreal, katika nchi ya Kanada. Wakati wa baridi iliyopita alinipigia simu, akaniamkia, kisha akaanza kulalamika. Walikuwa wametangaziwa dhoruba ya theluji ya sentimita 30. Akanunua mikate ya siku tatu, akaacha kwenda kwenye kibarua chake cha jioni, akajifungia ndani. Kulipokucha akakuta sentimita 8 tu, tena za theluji iliyolowa kama uji. Basi akaniuliza mimi mjomba wake, kwa kuwa nakaa Kanombe karibu na uwanja wa ndege, mahali ambapo mvua hupimwa kila siku, ni nani aliyeanzisha wazimu huu wa kutaja kipimo cha kitu kilicho bado mawinguni.

Jina lake ni Lewis Fry Richardson. Alizaliwa tarehe 11 Oktoba 1881 mjini Newcastle, Uingereza, akiwa kitinda mimba katika watoto saba. Baba yake alikuwa mtengenezaji wa ngozi. Jamaa yake walikuwa Wakristo wa Kanisa la Marafiki, ambalo liko hata hapa Rwanda na kwa jirani zetu wa Kenya, na Marafiki wa asili hawakubali kushika silaha. Jambo hili mliweke akilini, kwani ndilo lililoyageuza maisha yake mara mbili.

Alimaliza masomo Cambridge mwaka 1903, na mwaka 1913 akapewa usimamizi wa kituo cha Eskdalemuir, huko Scotland, mahali pa upweke na mvua nyingi. Siku hizo watabiri wa Ulaya walifanya kazi karibu kama wazee wetu wanaotazama upepo na mawingu. Walichukua ramani ya hewa ya leo, wakatafuta katika makabati siku ya zamani iliyofanana nayo, wakakisia kwamba kesho itakuwa kama kesho ya siku ile. Richardson hakuridhika. Aliona kwamba hewa ni kitu chenye uzito, nayo hutii kanuni za mwendo na za joto kama jiwe linavyozitii likitupwa. Ukiujua upepo wa leo, joto lake, unyevu wake na mgandamizo wake, waweza kupiga hesabu ya kesho. Basi akaigawa ramani kama ubao wa dama, na juu ya kila mraba akaipanga hewa tabaka tano, ili kila chumba kihesabiwe kwa kuangalia vyumba vya jirani.

Vita Kuu ya Kwanza ikawa inaendelea. Mwaka 1916 aliiacha kazi yake nzuri akaenda Ufaransa kuendesha gari la wagonjwa pamoja na jeshi la Wafaransa. Hakubeba bunduki, alibeba majeruhi. Katika nafasi za kupumzika aliketi juu ya majani makavu, penye baridi, akapiga hesabu. Aliichagua siku ya tarehe 20 Mei 1910, maana vipimo vya siku ile vilikuwa vimekwisha chapwa, na akatafuta hewa ya karibu na Munich ilibadilika namna gani kwa muda wa saa 6. Saa 6 hizo zilimchukua yapata wiki 6. Mwaka 1917, wakati wa mapigano ya Champagne, karatasi zake zilipelekwa nyuma zikapotea. Baada ya miezi kadhaa zikaonekana Ubelgiji, chini ya rundo la makaa ya mawe.

Na jibu? Lilikuwa baya kabisa. Hesabu ilisema mgandamizo ungepanda milibari 145, na siku ile yenyewe haukusogea sana. Nawapimieni kwa kilima chetu. Kanombe iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na hewa yake ni kama milibari 850. Ukiiongezea 145, ni kana kwamba Kanombe yote, na uwanja wake wa ndege, imeteremka kati ya asubuhi na mchana hadi karibu na usawa wa bahari.

Nakumbuka sisi darasani, jibu likikataa kulingana na la nyuma ya kitabu, tulifuta haraka kabla mwalimu hajafika. Richardson alichapa yote katika kitabu chake cha mwaka 1922, mstari kwa mstari, pamoja na kosa, akasema alidhani lilitoka katika vipimo vya upepo alivyoanzia. Wataalamu waliorudia kazi yake miaka mingi baadaye walikuta njia yake ni njema. Vipimo vya upepo na vya mgandamizo havikupatana, na tofauti ndogo ambayo hewa yenyewe huituliza, hesabu ikaikuza. Vilipolainishwa kwanza, jibu likawa la kawaida.

Katika kitabu hicho aliota ukumbi mkubwa wa duara wenye wapiga hesabu 64,000, kila mmoja na kipande chake cha dunia, na katikati msimamizi akiwamulika kwa taa ili wote waende sawa.

Mwaka 1920 aliiacha tena kazi ya hali ya hewa, kwa kuwa idara ilikuwa imetiwa chini ya wizara ya ndege, nayo ilishughulika na vita. Akafundisha, na tangu 1929 akawa mkuu wa chuo cha Paisley, Scotland. Nguvu zake za akili akazitia katika kuhesabu sababu za vita. Mwaka 1950 Wamarekani walitumia mashine kubwa ya hesabu iitwayo ENIAC kutabiri hewa ya saa 24, na kazi yenyewe ikachukua karibu saa 24. Walimpelekea habari, naye akawapongeza. Alifariki tarehe 30 Septemba 1953.

Sasa nirudi kwa mpwa wangu. Mashine za leo hufanya kazi ya wale watu 64,000, na zaidi sana. Hukadiria kwanza maji: mvuke gani utapanda, utaganda wapi, utaanguka kiasi gani. Lakini theluji ina hila yake. Milimita 10 za maji huweza kuwa sentimita 10 za theluji. Baridi ikizidi huwa nyepesi kama pamba na kufika 15 au hata 20. Ikikaribia digrii 0 hulowa na kulala, au huanguka mvua tupu. Digrii moja au mbili za joto ndizo zilizomlia mikate yake.

Nilimwambia pia habari ya kwetu. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mvua iliangusha milima na kufurisha mito Magharibi na Kaskazini mwa Rwanda, wakafa watu zaidi ya 130. Mwezi wa Mei kila mtu hapa anajua kwamba mvua itanyesha. Swali la mwenye nyumba iliyo chini ya mteremko ni itanyesha kiasi gani, na usiku upi.

Alinyamaza kidogo kwenye simu. Kisha akaniambia kwamba kwa Alhamisi wametangaza kati ya sentimita 15 na 25, akaniuliza anunue mikate au asinunue. Nilimjibu anunue ya siku moja, na koleo la kuzolea theluji.