Apolo Kivebulaya: Jembe, Daftari na Njia ya Boga

Katika sherehe hii tumkumbuke mzee aliyepeleka Injili Congo wakati mpaka wetu bado haujachorwa: Kanoni Apolo Kivebulaya. Hakuwa Mpentekoste, alikuwa Mwanglikana. Lakini kazi tunayoifanya sisi, yeye aliifanya kwa miguu.

Alizaliwa Singo, Buganda, karibu mwaka 1864. Alikuwa pacha, ndiyo maana wakamwita Waswa. Ujanani alisoma kwa Waislamu, baadaye akasikia mafundisho ya mmisionari Alexander Mackay. Jina Kivebulaya lilitokana na koti jekundu la kijeshi alilopenda kuvaa: kitu kilichotoka Ulaya. Januari 1895 akabatizwa Apolo, na mwaka huo huo akaja Toro kufundisha.

Ng'ambo ya mto Semliki, chifu Tabaro wa Boga alikuwa amepelekewa walimu wawili Waganda. Wakamchosha, akakataza watu wasiwape chakula. Njaa ikawarudisha. Mwaka 1896 Apolo akatumwa mahali pao. Kwa kuwa alishajua yaliyowapata wenzake, alinunua jembe akaenda nalo. Akaona heri alime mwenyewe kuliko kungojea sahani ya chifu.

Basi chakula hakikuwa tatizo tena, lakini mateso yalikuja kwa mlango mwingine. Alipigwa, kanisa lake likachomwa moto. Halafu dada yake chifu akaangukia mkuki, akafa, na lawama yote ikawekwa juu ya Apolo. Akafungwa, akapelekwa Toro kama muuaji. Akiwa katika mateso hayo alimwona Yesu aking'aa kama jua, akimhakikishia kwamba yuko pamoja naye. Hakupatikana na hatia. Alipoachiliwa, angeweza kurudi kwao Buganda kupumzika, na hakuna mtu angemcheka. Kumbe alirudi kule kule Boga! Mwishowe Tabaro mwenyewe akaamini, akabatizwa Paulo. Yule aliyewanyima walimu chakula akawa ndugu yao.

Sasa, mambo haya tunayajuaje? Apolo alikuwa na daftari. Aliandika shajara yake kwa Kiganda, safari zake na kazi yake, na yale maono aliyaandika kwa mkono wake. Wahubiri wa Marekani waliozunguka kwa farasi karne ile ya 19 walikuwa na desturi hiyo hiyo: jioni mtu anawasha taa, anaandika alikolala na alichohubiri. Bila daftari za Apolo tungebaki na hadithi za wageni tu juu yake. Kwa sababu aliandika, wanahistoria wanamsoma mpaka leo.

Alifanywa shemasi mwaka 1900, kasisi mwaka 1903, na kanoni mwaka 1922. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1910, Waingereza na Wabelgiji walikubaliana mpaka, na Boga ikaangukia upande wa Congo. Serikali ziligawana ardhi, lakini Apolo hakukubali kwamba kondoo wake nao wamegawanywa. Alirudi akakaa nao, na miaka ya 1920 akaingia msituni kuwahubiri Wambuti, watu ambao wengi waliwadharau. Hakuoa, nyumba yake ilijaa watoto na wanafunzi.

Alifariki Boga tarehe 30 Mei 1933. Kwa desturi ya wakati ule Mkristo alizikwa akielekea mashariki. Yeye aliomba alazwe kuelekea magharibi, upande wa msitu, kwa sababu kazi ya huko ilikuwa haijaisha.

Wapendwa, sisi tunaovuka Mpondwe tukiwa na Biblia na vyombo vya muziki, tujiulize mambo mawili. Jembe letu liko wapi, au tunangojea kanisa changa litulishe? Na daftari letu liko wapi? Wazee walioanzisha ushirika huu wanazeeka, wengine wameshalala. Kaa nao mapema, kalamu mkononi. Andika nani alivuka, mwaka gani, alilala kwa nani, nani aliokoka. Watoto wetu wa pande zote mbili watauliza, na sisi hatutakuwepo kuwajibu.