Aliokoka, Akaendelea Kuuza Watu
Somo: Luka 19:1-10

Katika mfululizo wetu wa dhamiri na maamuzi magumu, wiki hii nataka tutembee na John Newton, yule Mwingereza aliyeandika wimbo wa Amazing Grace. Hata mtu asiyekanyaga kanisani anaujua, kwa vile ameusikia kwenye mazishi mengi. Na ushuhuda wake tumeusikia madhabahuni mara nyingi: alikuwa nahodha wa meli ya watumwa, dhoruba ikampiga baharini, akaokoka, akawaachilia watumwa, akaandika wimbo. Watu wanapiga makofi, mhubiri anaendelea.

Shida ni kwamba hakuwaachilia. Dhoruba ilikuwa Machi 1748, na meli ile, Greyhound, haikuwa hata na watumwa. Ilibeba nta, pembe za ndovu na mbao za kutengenezea rangi. Newton alikuwa abiria tu anayerudishwa nyumbani. Kazi ya unahodha wa meli za watumwa ilikuja baada ya yeye kumlilia Mungu, na hadi aliposimama hadharani kuilaani biashara ile, miaka 40 ilikuwa imepita. Mimi naona ushuhuda wa kweli utatusaidia kuliko ule wa makofi. Hebu tuufuate polepole.

Alizaliwa London mwaka 1725. Baba yake alikuwa nahodha wa meli za biashara. Mama yake alikuwa mcha Mungu, akamfundisha Maandiko na nyimbo tangu utotoni, lakini akafa kwa kifua kikuu kabla kijana hajatimiza miaka 7. Akiwa na miaka 11 akaanza kusafiri baharini na babaye. Ujanani akawa mtu wa matusi na dharau, wa kumcheka Mungu mbele ya watu. Akakamatwa kwa nguvu kuingizwa katika jeshi la wanamaji, akatoroka, akarudishwa, akachapwa viboko. Mwishowe akahamishiwa meli iliyokuwa ikielekea Afrika Magharibi.

Huko Sierra Leone, katika Visiwa vya Plantain, akafanya kazi kwa mfanyabiashara Mzungu wa watumwa. Alipougua, mke wa tajiri yule, mwanamke wa Kiafrika wa ukoo mkubwa, akamnyima chakula na hata maji. Wakati mwingine tajiri alimfungia kwenye sitaha ya mashua na kumwachia kipimo kidogo cha mchele kwa siku nzima. Kwa hivyo Newton alijua mnyororo ni nini, na njaa ya mtu asiye na wa kumtetea aliijua pia. Ungefikiri mtu aliyeonja hayo hawezi kumfunga mwingine. Lakini sivyo ilivyokuwa.

Baba yake akamtafuta, akapatikana, na ndipo akapanda Greyhound. Baada ya dhoruba meli ilifika Ireland Aprili 1748 ikiwa imechakaa kabisa. Newton akaacha matusi, akaanza kusoma Biblia na kuomba. Mwaka huohuo akasafiri tena kwenda Afrika, sasa akiwa msaidizi wa nahodha katika meli ya watumwa iitwayo Brownlow. Wale waliobaki hai wakauzwa Charleston, Marekani. Mwaka 1750 akamwoa Mary Catlett, msichana aliyempenda tangu ujana, na mwaka huohuo akapewa meli yake mwenyewe. Akaongoza safari 3 kama nahodha, hadi 1754. Watu aliowanunua Afrika aliwauza visiwani kama Antigua na St Kitts.

Hapa ndipo naomba msomaji asikimbie. Ndani ya meli ile nahodha alikuwa anaongoza ibada. Kila Jumapili aliwakusanya mabaharia, mara mbili kwa siku, wakasali. Alikuwa na saa zake za kusoma Neno. Alimwandikia mkewe barua ndefu za mapenzi na maombi, akilalamika jinsi kutengana kunavyouma. Na chini ya sitaha hiyohiyo walilala watu waliotenganishwa na wake, waume na watoto wao, wamefungwa pingu wawili wawili, katika chumba cha kimo cha futi 5 hivi kilichogawanywa katikati kwa ubao ili waingie wengi zaidi. Walibanwa hivi kwamba mtu hangeweza kugeuka bila kumsumbua mwenzake. Mwaka 1752 alipogundua wanapanga kuasi, akawatia wavulana pingu na kuwabana vidole gumba kwa vyuma ili waseme nani amepanga. Aliyaandika haya mwenyewe katika daftari la meli. Siku nyingine katika daftari hilo anamshukuru Mungu kwa ulinzi.

Alikuwa mnafiki? Nimefikiri sana juu ya neno hilo na sidhani linatosha. Mnafiki anajua ukweli kisha anauficha. Newton, kwa jinsi alivyoeleza baadaye, hakuwa na shaka yoyote wakati ule kwamba kazi yenyewe ni halali. Ilimchosha, kweli. Alijiona kama mlinzi wa gereza, na aliomba Mungu ampe kazi nyingine yenye utu zaidi. Lakini hakuiona kuwa dhambi. Sheria iliiruhusu, Bunge liliitambua, na wafanyabiashara waheshimiwa wa Liverpool waliokaa viti vya mbele kanisani ndio waliokuwa na meli. Hakuna mchungaji aliyemwita pembeni kumuuliza. Hata nahodha mwenzake Alexander Clunie, aliyekutana naye St Kitts mwaka 1754 na kumfundisha mambo mengi ya wokovu, hatuoni popote kwamba mafundisho yale yaligusa shehena yake.

Mimi nilisoma biashara chuoni kabla ya kuitwa kwenye huduma, na naitambua lugha hiyo. Kazi ni kazi. Leseni iko. Nisipofanya mimi, mwingine atafanya. Watu huja ofisini kuniuliza maswali ya namna hii, na ni watu wanaompenda Mungu kweli. Dada mmoja amepata kazi kwenye kampuni ya michezo ya kubahatisha, mshahara mzuri, bima ya matibabu, na mama yake ni mgonjwa. Kijana anapigia watu simu kuwadai mikopo ya kwenye simu, na anatakiwa kupigia mpaka shemeji na bosi wa mdaiwa ili aaibike. Kazi zote mbili zina ofisi, zina vyeo. Na tuseme ukweli, kanisa nalo hupokea fungu la kumi kutoka mishahara hiyo bila kuuliza. Kwa hivyo ninapomsoma Newton sianzi na dada yule wala kijana yule. Naanza na wale wachungaji wa Liverpool waliokaa kimya.

Tuendelee. Kilichomtoa Newton kwenye biashara ile ni ugonjwa. Novemba 1754, siku mbili kabla ya kung'oa nanga tena, alikuwa nyumbani anakunywa chai na mkewe alipoanguka ghafla, akalala bila fahamu karibu saa nzima. Madaktari wakamkataza safari. Hakurudi tena baharini. Dhamiri haikuwa na sehemu katika uamuzi huo, na yeye hakujisifu kwamba ilikuwa nayo. Tena, baada ya kuacha safari alibakiza fedha zake katika shughuli za tajiri wake Joseph Manesty, mwenye meli za watumwa. Miguu ilikuwa imetoka, mfuko ukabaki.

Mwaka 1755 akapata kazi ya mkaguzi wa forodha katika bandari ya Liverpool. Kumbe naye akawa mtoza ushuru, kama Zakayo! Na hapa natabasamu kidogo, maana sisi Wakenya hatuhitaji kuelezwa kiti hicho kina majaribu gani. Akiwa huko alijifunza Kigiriki na Kiebrania peke yake, akaomba upadri, akakataliwa mara kadhaa kabla ya kuwekewa mikono katika Kanisa la Uingereza mwaka 1764. Akatumwa Olney, mji mdogo wa maskini waliofuma mapambo ya nguo kwa mikono. Huko alipendwa sana. Wimbo tunaoujua aliuandika kwa ajili ya ibada ya Mwaka Mpya, tarehe 1 Januari 1773, na ukachapishwa mwaka 1779 pamoja na nyimbo nyingine zake na za rafiki yake mshairi William Cowper.

Niandike hapa jambo linalonisumbua. Mwaka 1764 alichapisha kitabu cha maisha yake. Kinaeleza matusi yake, uasi wake, kiburi chake, rehema za Mungu. Biashara ya watumwa imo pia, ila kama mahali mambo yalipotokea, si kama dhambi anayoitubu. Wapo wanaomtetea kwamba yeye mwenyewe alisema hakuwa mwamini kamili hadi muda mrefu baada ya dhoruba. Sawa, nakubali. Lakini 1764 alikuwa mchungaji. 1773 alikuwa mchungaji. Aliimba juu ya neema, na watu aliowauza walikuwa bado wanakata miwa Antigua, kama walikuwa hai.

Mwaka 1780 akahamia London, kanisa la St Mary Woolnoth. Desemba 1785 akapata mgeni wa siri: mbunge kijana, William Wilberforce, miaka 26, aliyekuwa akimsikiliza Newton tangu utotoni. Alizunguka uwanja ule wa nyumba kwanza, akiogopa kuonekana, ndipo akapata ujasiri wa kubisha. Alikuwa ameguswa na Mungu na akataka kujua kama aache siasa. Wengi wetu tungemshauri aache mara moja na aende chuo cha Biblia. Newton akamwambia abaki Bungeni, huenda Mungu amemweka huko kwa kusudi. Hapo nampa heko. Mzee aliyekuwa hajalimaliza jambo lake mwenyewe aliona wazi njia ya kijana.

Miaka hiyo watu wengine walikuwa wameshaanza kupaza sauti. Waquaker walipeleka ombi Bungeni mwaka 1783. John Wesley alikuwa ameandika dhidi ya utumwa tangu 1774. Mwaka 1787 ikaundwa kamati mjini London ya kupiga vita biashara hiyo. Ninavyoona mimi, Newton hakulifikia jambo hili akiwa peke yake chumbani na Biblia. Biblia alikuwa nayo miaka yote hiyo, hata melini. Alihitaji watu waliokuwa nje ya biashara, wasio na hisa, wasio na rafiki wa kumlinda, wamsaidie kusoma alichokuwa akikisoma kila siku.

Mwaka 1788, akiwa na miaka 62, akachapisha kijitabu juu ya biashara ya watumwa wa Afrika. Hakujificha nyuma ya sheria wala desturi. Alieleza kwamba hayo ni maungamo yaliyochelewa, na kwamba jambo alilolifanya bila wasiwasi sasa linamtetemesha. Akataja vyumba, pingu, vyuma vya vidole, mateso ya wanawake mikononi mwa mabaharia, na jinsi kazi ile inavyoua huruma ya anayeifanya. Wengine waliopinga walikuwa wamesikia tu; yeye alikuwa ameshika funguo. Mwaka huo akatoa ushahidi mbele ya baraza la mfalme, na 1790 mbele ya kamati ya Bunge. Sifa yake ya mchungaji mpendwa aliiweka mezani, watu waione na uchafu wake.

Urithi wake ulifika hata kwetu. Newton alikuwa mmoja wa waanzilishi wa kikundi cha wachungaji cha mwaka 1783, na katika mikutano ya kikundi hicho ndimo ilimozaliwa jumuiya ya misheni ya CMS mwaka 1799. CMS ndiyo iliyomtuma Krapf, akafika Mombasa 1844. Biashara ya watumwa pwani yetu haikuguswa na sheria ya Waingereza ya 1807. Soko la Zanzibar lilifungwa 1873 tu. Miaka miwili baadaye CMS ikaanzisha Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, makao ya watu waliookolewa kutoka majahazi. Ukipita Kengeleni kengele yao bado ipo.

Sheria ya kukomesha biashara ile katika himaya ya Uingereza ilitiwa sahihi tarehe 25 Machi 1807. Newton alikuwa haoni tena, mkewe alishatangulia tangu 1790. Akafa tarehe 21 Desemba mwaka uleule.

Zakayo alishuka mtini akafungua vitabu vyake siku hiyohiyo, kwa sababu aliowadhulumu walikuwa Yeriko, akiwajua kwa majina na nyumba zao. Angeweza kubisha mlango na kurudisha mara nne. Newton angebisha wapi? Daftari lake la meli limehifadhiwa hadi leo katika makumbusho ya bahari huko Greenwich. Mtu alipokufa njiani, nahodha aliandika tarehe, mwanamume au mwanamke au mtoto, na nambari. Majina hakuyaandika.